Kwa vijana mnaotengeneza filamu za kisasi

Wanangu,

Nimeangalia filamu zenu kadhaa. Kamera imetulia, damu inaonekana damu kweli. Ila watu wenu wanakufa haraka mno: risasi moja, adui chali, steringi anaondoka zake na muziki juu.

Kaeni na Unforgiven, picha ya kauboi ya Clint Eastwood ya mwaka 1992, iliyochukua Oscar ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Najua mtakimbilia patashika ya baa mwishoni. Iacheni kwanza.

Nendeni pale Davey, kauboi kijana, anapouawa. Si yeye aliyeshika kisu. Mwenzake ndiye aliyemchana uso Delilah, mwanamke wa danguro la Big Whiskey, kule Wyoming. Davey baadaye alimletea farasi wake bora kuliko wote, kama kuomba radhi, akatimuliwa kwa kurushiwa matope. Wanawake wanatangaza dola 1,000 kwa atakayewaua wote wawili, na anayetangulia kufa ni yeye. Ned, mlengaji hodari wa kundi la watatu wanaoifuata pesa hiyo, anampiga farasi, kisha mikono inagoma. Munny, steringi anayechezwa na Eastwood mwenyewe, anachukua bunduki, anakosa, halafu anampata tumboni. Kijana analia kiu. Wenzake wanaogopa kujitokeza, mpaka muuaji mwenyewe anawapigia kelele wampelekee maji, hatafyatua tena.

Munny huyo ni mfugaji nguruwe wa Kansas, hata kumpanda farasi ni kazi. Steringi gani huyo!

Tazameni pia habari inavyotiwa chumvi njiani. Delilah alichanwa kwa kisu, lakini Munny anapomsimulia Ned, macho yameshatobolewa na masikio yamekatwa. Hakuna anayehakiki. Skripti zenu humwamini steringi tangu dakika ya kwanza.

Na yule Kid asiyeona mbali, wa tatu katika kundi, aliyejigamba ameua watu watano, anampiga mtu risasi chooni, kisha analia chini ya mti na kukiri huyo ndiye wa kwanza. Bastola anamwachia Munny.

Sisemi muache visasi. Watazamaji wanavipenda, nami pia. Ila katika skripti mnayoandika sasa, chagueni kifo kimoja, mkipe dakika tatu, na walio karibu wamsikie anayekufa. Pesa ya damu ya bandia mlipeni mwigizaji anayejua kuomba maji. Rasimu ikikamilika, nileteeni niisome kabla hamjaanza kurekodi.

Mzee wenu