Sio kila konokono ni wa kumwagia chumvi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Juzi kuna msomaji kaandika humu kwamba ukikuta konokono mwagia chumvi, awe mkubwa awe mdogo, wote ni wadudu waharibifu. Mimi nimekulia huku Muheza chini ya milima ya Amani na hilo limeniuma sana, kwanza konokono sio mdudu, ndugu zake ni chaza na pweza, pili wale wadogo wa msituni wengi hawana habari na mchicha wa mtu, na wapo wanaokula konokono wenzao.

Naongelea hawa wanaoitwa Gulella. Ukifukua majani yaliyooza chini ya mti utamkuta, gamba kama punje ya mchele, milimita 4 au 5 hivi, linapitisha mwanga mpaka unaona mwili ndani, njano au rangi ya chungwa. Watu wanadhani ni mtoto wa yule konokono mkubwa. Hapana, huyo kashakomaa, mgeuze umwangalie mdomo wa gamba kwa lenzi. Aliye mchanga bado ukingo wake ni mwembamba unakatika ovyo, aliyekomaa ukingo umenenepa umekunjuka kwa nje na mdomoni kuna meno. Sio ya kutafunia haya, ni vinundu vya gamba lenyewe vimebana mlango. Na hapo ndo kazi inapoanza sasa, maana spishi zipo mamia na nyingi zinatofautishwa kwa hayo hayo meno, yapo mangapi, la juu limenyooka au limepinda, la pembeni ni moja au limegawanyika, alafu unahesabu mizunguko ya gamba na unaangalia kama lina mistari au ni laini. Kuna wakati magamba mawili yanafanana kabisa mpaka wafungue mwili waangalie viungo vya uzazi.

Kujua hivi nilifundishwa na watafiti niliowabebea machekeche nikiwa kijana, tunachekecha majani tunaanika tunachambua punje kwa punje. Kitu walichonikazania ni karatasi ya ndani ya kopo la konokono, msitu gani, mwinuko gani, chini ya mti gani, tarehe, na uandike kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu unafutwa na spiriti ya kuwahifadhia. Baadae nilipeleka makopo 11 kwenye ofisi moja, nilivyorudi kuulizia nikakuta wameyamimina yote kwenye chupa moja na karatasi zimetupwa. Nilisikitika mhariri, kazi ya msimu mzima wa mvua, konokono asiyejulikana katoka wapi hamsaidii mtu.

Majina ya hawa wetu mengi yametolewa na wageni. Mjerumani von Martens kaandika kitabu kizima cha konokono wa huku mwaka 1897, na Bernard Verdcourt ambaye kazi yake hasa ilikuwa mimea, alikuwa Nairobi kwenye hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, nae kataja spishi kibao. Nawashukuru kwa dhati, ila gamba la kwanza la spishi, lile ambalo mengine yote yanalinganishwa nalo, mara nyingi liko Berlin au London na mtoto wa Amani hawezi kuliona.

Na kutojua nani anakula nini kuna gharama. Yule mkubwa wa pwani yetu, Lissachatina fulica (vitabu vya zamani vinamwita Achatina), alivyosambaa mpaka visiwa vya Hawaii, miaka ya 1950 walipelekewa konokono walanyama wamdhibiti, mmojawapo ana jina la Kibwezi ya Kenya kabisa, Gonaxis kibweziensis, mwingine wakamtoa Florida, Marekani. Yule wa Florida akaishia kuwamaliza wengi kati ya konokono wadogo wa asili wa visiwa vile waliokuwa hawana kosa.

Sasa hivi mezani kwangu nina kopo moja lenye Gulella mmoja, nimemtoa mwezi wa nne kwenye bonde dogo linalopakana na mashamba ya iliki, meno yake matano na lile la ndani lina ncha mbili, na sijamkuta kwenye maelezo yoyote niliyowahi kusoma. Karatasi yake ipo ndani, ya penseli. Naomba mwalimu au mtafiti mwenye darubini nzuri aje tumkague pamoja, nitampeleka mpaka kwenye mti wenyewe kabla bonde halijafyekwa.

Mpenda misitu,
Muheza, Tanga