Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Kasese

Kwa heshima natoa shukrani hadharani kwa mzee mmoja ambaye sikupata kumuuliza jina, aliyenisaidia katika mbio za marathoni za Kasese, magharibi mwa Uganda. Marathoni ni kilomita 42.195, na mwili huweza kumaliza akiba yake ya sukari baada ya kilomita 30 hivi. Mimi nilipofika hapo, jua likiwa limeshapanda, shavu la mguu wa kulia lilikakamaa nikaanguka kando ya barabara.

Mzee huyo, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke, aliiegemeza mtini, akanivuta kivulini, akaninyoosha goti na kuvisukuma vidole vya mguu kuelekea kwangu, polepole, mpaka msuli ukalegea. Hakuniruhusu kusimama upesi. Alinipa ndizi mbivu na maji aliyotia chumvi kidogo, akaniamuru ninywe funda moja moja, kisha akatembea nami, mkono mmoja ukishika usukani, akinikataza kukimbia kila nilipojaribu. (Alijua alichokifanya kuliko mimi niliyejifunza kwa kumtazama Mganda Stephen Kiprotich akishinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya London mwaka 2012.) Nilipoweza kukimbia tena, aligeuza baiskeli na kurudi alikotoka, kumbe soko lake lilikuwa upande wa pili.

Mzee wangu, nilimaliza. Ahsante sana. Nanyi mnaoishi kando ya njia ya mbio, mwakani tafadhali wekeni ndoo ya maji na chumvi kidogo mlangoni.