Yah: Malalamiko kuhusu masomo binafsi ya softiboli na kudhalilishwa kwa binti yangu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, maana ninyi ndio mlioyaandika: somo binafsi ni kocha mmoja, mchezaji mmoja, saa nzima. Sina haja ya kuwasomea. Nataka tu mniambie ni lini saa ya binti yangu iligeuka kuwa saa ya wasichana watatu, na kwa nini malipo hayakugawanywa kwa tatu.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kocha wenu amemsimamisha mtoto kwenye alama ya kurushia mpira iliyo mita 13.11 kutoka kibao cha mpigaji. Mtoto ana miaka 11. Kwenye ligi yao, watoto wa umri wake wanarusha kutoka mita 12.19, hiyo nyingine ni ya wasichana wakubwa. Mtu asiyeujua mchezo ataona tofauti hiyo ni ndogo, lakini ninyi mnauza ujuzi wa mchezo huu, kwa hiyo msiniambie hamkujua. Mtoto akisogezwa nyuma kabla ya wakati wake hana pa kupata nguvu ila begani. Analazimisha, kiwiliwili kinaangukia mbele, na ule mzunguko wa mkono aliouhangaikia msimu mzima unavurugika. Akasema bega linamuuma. Kocha, simu mkononi, akamjibu: "Bega linauma, au moyo ndio mwepesi?" Akamnyang'anya mpira, akampa msichana mwingine, akamwambia, "Njoo umwoneshe mwenzako." Binti yangu akapewa kazi ya kuokota mipira.

Hiyo simu nayo ina habari zake. Tangu mwanzo wa msimu nilikuwa nikiiona. Mtoto anarusha, kocha anatazama kioo, mpira umeshatua kwenye glavu ya mdakaji ndipo anasema "safi, tena". Safi ipi, na hakuiona? Nilimweleza dada wa mapokezi, akaniahidi kwamba uongozi utanipigia. Sikupigiwa. Nilipomkumbusha akasema kocha huyo ni mkali lakini anatoa wachezaji wazuri.

Ukali naufahamu. Kocha wa timu yake ni mkali kuliko huyu wenu, na binti yangu anampenda. Yule humhesabia mipira, akiona kiwiko kinachelewa anamtoa kwenye duara la kurushia, na akifoka anafoka kuhusu mguu na nyonga, hagusi utu wa mtoto. Wala msiniletee ile hoja kwamba kurusha kwa chini hakuchoshi bega. Mkono unazunguka duara zima kwa kasi, mpira unaachiwa karibu na nyonga, na mzigo unaangukia msuli wa mbele wa mkono pale unaposhikana na bega. Hapo hapo ndipo mtoto aliponyooshea kidole. Hakusema amechoka, alionesha mahali panapouma.

Na narudia, kwa sababu nina wasiwasi mtalisoma hilo mkalipita. Mtoto alionesha mahali panapouma. Kocha alicheka kwanza, ndipo akasema lile neno la moyo mwepesi, kwa sauti, na baba wa yule msichana mwingine amesimama pale kwenye uzio akisikia kila kitu. Hakuuomba mpira. Aliuchomoa kwenye vidole vya mtoto. Kisha akaisukuma ndoo kwa mguu kumwelekea. Binti yangu akavua glavu, akaibana kwapani, akaanza kuokota mipira kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa haunyanyuki. Mpira wa softiboli una mzunguko wa inchi 12, haukai vizuri kwenye kiganja kidogo cha kushoto, ukawa unamponyoka, na kila ukimponyoka wale wenzake wanatazamana. Nilipoingia uwanjani kumchukua, kocha aliniambia muda wake bado haujaisha. Muda upi? Wa kuokota mipira ya watu?

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai fedha za masomo yaliyobaki tu. Sasa nadai fedha za masomo yote ambayo binti yangu alichanganywa na wengine, pamoja na gharama za daktari aliyemzuia kurusha hadi maumivu yaishe. Nadai pia kocha huyo aondolewe kwenye masomo ya watoto wakati mnachunguza jambo hili, na amwombe radhi binti yangu mbele ya watu wale wale waliosikia akimdhihaki. Radhi ya kuandikiwa mimi sitaipokea. Aliyeudhiwa si mimi.

Msinipe masomo ya bure kama fidia. Mtoto wangu harudi hapo.

Nilitaka pia jambo hili libaki kati yetu. Ila nikikumbuka namna nilivyozungushwa mapokezi, nimeona nisiwe mjinga: nakala inakwenda kwa katibu wa ligi, kwa sababu wasichana wengi wa ligi hiyo wanafundishwa kwenu na wazazi wao wana haki ya kujua. Nawapa siku 7 tangu mnapopokea barua hii. Siku hizo zikipita kimya, atakayewaandikia ni wakili, na hatakuwa na subira yangu. Risiti zote ninazo, na baba yule wa pale kwenye uzio amekubali kueleza alichokisikia.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mama wa mchezaji

Nakala: Katibu wa Ligi ya Wasichana