Tusa, nitafutie miwani

Mbeya, Agosti

Kwako Tusa,

Ugonile? Bwana asifiwe. Salamu nyingine jaza mwenyewe, maana Mama Lusajo anapanda basi la alfajiri kuja huko Dar na amesema barua nimfikishie kabla hajalala. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenichekesha, vocha ingekata, na shida yangu ingebaki mdomoni.

Shida ni miwani. Si yangu, mimi bado naona. Ni ile ya kusomea, ya plastiki, ambayo Kariakoo wanaiuza kwa jumla. Ukipita huko niulizie bei ya dazeni. Nyingi ziwe za nguvu ya +2.50 na +3.00, chache +2.00. Fremu ziwe nene, na kama wana zile za kamba ya kuvaa shingoni ndiyo nzuri zaidi, wenyewe ni watu wa shamba.

Sasa nikueleze ni za nani.

Mwezi wa saba tulikwenda misheni Matamba, kwaya na vijana. Unaukumbuka ule mlima wa kutokea Chimala, wa kona 57? Mwalimu wetu wa kwaya aliapa atazihesabu. Wengine nao wakahesabu, na hakuna hesabu mbili zilizolingana, isipokuwa ya waliotapika, hao walisema ni mia. Baridi usiseme. Asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa barafu. Wasichana waliobeba magauni ya kupigia picha Kitulo, Bustani ya Mungu, walikuta nyasi kavu, maua yenyewe mpaka mvua zirudi. Niliwaambia kabla, hawakusikia.

Mkutano wa hadhara ulikufa jioni ya kwanza. Jenereta ya kukodi iligoma, mwinjilisti akahubiri kwa koo lake mpaka likakauka. Kesho yake tukagawanywa nyumba kwa nyumba. Mimi nikapewa bibi mmoja anayekaa juu kabisa, karibu na mashamba ya viazi.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Macho yake yalikuwa mlangoni, vidole ndivyo vilivyochambua. Vikigusa jiwe vinalitupa pembeni, ta! bila yeye kutazama. Nikaamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikafungua Zaburi ya 121 kama nilivyojiandaa. Nimefika tu kwenye kuinua macho kuitazama milima, akanikatisha: "Milima naiona, mwanangu. Ng'ombe akiwa kule juu nakwambia ni dume au jike. Herufi ndizo zimenikimbia."

Akatoa Biblia yake kwenye kitambaa. Kurasa zimekuwa za kahawia kwa moshi. Alikuwa ameanza kuisoma upya toka Mwanzo, akafika Waamuzi, macho yakagoma; kipande cha kitenge bado kiko pale pale. "Samsoni nimemwacha bado ana nywele," akasema. Tusa, nilicheka mpaka majivu yakapeperuka.

Nikamuuliza nimsomee nini. Nilidhani atasema Zaburi ya 23, wote huwa wanasema hiyo. Akasema Warumi 16. Nikamwambia, bibi, hayo ni majina tu, Paulo anasalimia watu. "Ndiyo hayo. Soma." Basi nikasoma: Fibi, Priska na Akila, Epaineto, Mariamu… Kila jina anaitikia "ee," kama anayewajua. Nilipofika kwa Rufo na mama yake, pale Paulo anaposema huyo ni mama yake pia, akanirudisha nyuma. Nikarudia. Akasema, "Huyo alimpikia. Halikuandikwa, lakini mtu hakuiti mama bure."

Sura hiyo nimeiruka miaka yote. Sasa siwezi kuifikia bila kumwona huyo mama wa Rufo na sufuria yake.

Kesho yake nikakuta wenzake wamejaa, kila mmoja na sura anayoitaka. Mwingine habari za Hana mama wa Samweli, mwingine Ruthu, mzee mmoja akataka vita tu. Nilisoma mpaka sauti ikawa kama ya jogoo mchanga. (Jogoo wa kweli alikuwepo: mwalimu wa kwaya alimnunua kwenye mnada wa sadaka Jumapili kwa bei ya aibu, na huyo jogoo akawika kona zote 57 za kurudi.)

Muuguzi tuliyekuwa naye alisema kwa wengi ni umri tu, ukishapita miaka 40 jicho linachoka kuona vya karibu. Wenye mtoto wa jicho amewaandikia waende hospitali, miwani ya dukani haiwasaidii. Miwani ya muuguzi mwenyewe ilizunguka kwa kila mtu. Mzee mmoja wa kanisa aliivaa, akanyamaza, akaanza kusoma kwa sauti, na kuirudisha ikawa kesi. Kwa bibi yangu haikutosha. Ndiyo maana nakazania +3.00.

Sikuhubirii, unanijua. Ila uliponiambia Desemba kwamba umechoka na kanisa, sikukujibu kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka, na ugomvi wa sare za kwaya ndio ukanimalizia. Nilikuwa nasali kama mtu anayelipa mchango wa harusi, ili jina lisisomwe kwenye wadaiwa. Kule juu sikusali sala ndefu hata moja. Nilisoma, wakaitikia, tukala viazi vya kwenye majivu. Na furaha niliyokuwa nayo, mwe! Sijui nikuelezeje. Sisi tuliokulia Rungwe tumeimbiwa tangu utoto kwamba Injili ililetwa mwaka 1891, basi tukienda misheni tunakwenda na mzigo wa kushusha. Yule bibi tayari alikuwa nayo, alikosa macho tu. Mimi ndiye niliyekuwa… basi, tuyaache.

Samsoni tulimmaliza, lakini yuko Ruthu, Samweli, Wafalme, na mimi siwezi kupanda kule kila wiki.

Utaweza kwenda Kariakoo kabla ya mwisho wa mwezi? Hela nikurushie kwenye simu sasa au mpaka ujue bei? Yule kaka wa fremu wa Upanga bado mnaongea, au ndiyo yameisha? Jumapili siku hizi unalala mpaka saa ngapi? Mguu wa mama unaendeleaje? Na +3.00 zikikosekana, utachukua +3.50 au nimuulize muuguzi kwanza? Mpe Mama Lusajo majibu, anarudi Jumatano.

Ndaga fijo,
Atu