Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tawi la Mashabiki wa Arsenal

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: mechi tumetazama, king'amuzi kimelipiwa, wafiwa tumewazika. Nisiwachoshe.

Naja kwenye lile linalosemwa vijiweni badala ya kusemwa hapa: shilingi 210,000 za usiku wa kumkumbuka Herbert Chapman, kocha wa zamani wa Arsenal, Januari 6. Wapo wanaodai bora tungenunua spika, eti kocha aliyekufa 1934 hatuhusu. Wazo lilikuwa langu, silikani. Mikono myeupe ya jezi mlizovaa sasa hivi aliileta yeye, 1933. Alitukuta 1925 hatuna hata kombe moja kubwa. Msimu huohuo Newcastle ikatupiga 7-0. Hakutafuta mchawi, alikaa na mchezaji wake Charlie Buchan, wakakubaliana kiungo wa kati arudishwe nyuma kuwa beki wa tatu. Kombe la FA likaja 1930, 2-0, tena mbele ya Huddersfield, timu yake ya awali, aliyoipa ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo. Miaka mitano hiyo. Mimi mmenipa miwili.

Kuhusu risiti ya pilau ya usiku huo: mwaka 1919 Leeds City ilifukuzwa kwenye ligi kwa kugoma kutoa madaftari, ikituhumiwa kuwalipa wachezaji kinyemela wakati wa vita. Chapman, aliyekuwa meneja wao, akafungiwa. Baadaye akasafishwa, kwa kuwa wakati wa malipo hayo alikuwa kazini kwenye kiwanda cha silaha. Nami siku ya pilau nilikuwa msibani Muheza. Mhazini atajibu.

Ada: wanachama 58, waliolipa 19. Wanaodaiwa ndio hukaa viti vya mbele.

Mkutano wa Agosti tulikuwa 9, pamoja na mwenye ukumbi. Kisingizio manyunyu! Chapman alikwenda Guildford kutazama timu yetu ya tatu huku mafua yamembana. Siku chache baadaye nimonia ikamchukua. Sisemi mfe. Nasema mje.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia suala la spika, na pengine safari.

Picha ya Chapman iliyo juu ya runinga imegeuzwa mara tatu ikatazama ukuta. Aliyeigeuza namjua, na ada hajalipa. Nimeirudisha, na itabaki hapo mpaka mkutano wenye akidi uamue vinginevyo.

Mwenyekiti