Lori la mawe lisubiri kidogo

Kwako Otieno,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba nzima. Mama ameshatoka hospitali? Mmenyamaza tangu Pasaka, halafu picha ya ramani ya bustani inaingia saa nne usiku bila hata "hujambo". Haya, tumekuzoea.

Ramani imechorwa vizuri. Kilichonishtua ni yale maneno ya pembeni: "mawe Jumamosi". Mwambie Kamau asilipe lori bado. Mmeweka gabioni, yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe, ukingoni kabisa na mabenchi mita mbili nyuma yake, kana kwamba Mto Nairobi haukupanda Aprili na Mei 2024.

Pimeni kwanza. Mstari wa tope wa mafuriko yale bado uko kwenye ukuta nyuma ya kioski cha Mama Shiro. Tafuteni mpira mwangavu wa mita 20, ule wa mafundi, muujaze maji mpaka viputo vyote vitoke. Mmoja ashike ncha moja ili maji yalingane na mstari, mwingine azunguke na ncha ya pili. Pale usawa huo unapokutana na ardhi ndipo mto ulipofika, pigilieni kigingi. Kwenye mabonde pimeni kutoka usawa huo hadi chini, mjue maji yalikuwa na kina gani. Kiputo kimoja ndani ya mpira, au mtoto akiukanyaga katikati, kipimo kinadanganya, kwa hiyo rudieni mara mbili.

Kutoka kwenye vigingi kushuka hadi mtoni ni nyasi, mianzi na njia ya murram tu. Kanuni ya kingo za mito inataka kusijengwe kitu ndani ya upana kamili wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande, kwa kufuata kimo cha juu kabisa cha mafuriko. Na unajua baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilivyobomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30. Tingatinga haliulizi kama hili ni benchi au kibanda.

Sasa mawe. Kama kona ile inayoliwa na mto lazima iwe na gabioni, basi ukuta uanzie chini ya sakafu ya mto. Ukiukalisha juu ya tope, maji yanachimba miguu yake na wote unainama mbele. Ncha zake mbili ziingizwe ndani ya ukingo, la sivyo mto unapita nyuma kwa ule upande wa juu. Sanduku la mita 2 kwa 1 kwa 1 linameza zaidi ya tani 3, hesabuni mnahitaji malori mangapi. Jiwe liwe sentimita 10 hadi 25, dogo zaidi linatorokea kwenye matundu. Jazeni theluthi kwa theluthi, na kila theluthi mfunge waya za kuvuka, mbele hadi nyuma. Fundi akiziruka, sanduku linatoa tumbo. Nyuma ya ukuta lazima pawe na kitambaa cha kuchuja, bila hicho udongo unavuja polepole na bustani inadidimia mashimo mashimo. Waya uwe wenye ganda la plastiki, maji yenu yale yanakula chuma. (Wauza chuma chakavu nao wanakula, lakini hiyo ni barua nyingine.)

Kwingine kote vetiva, ile nyasi ya mizizi mirefu, inatosha, na ni rahisi mno kuliko mawe. Shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mistari ikate mteremko, isiteremke nao. Pandeni mvua ikianza. Mikaratusi msipande, hata kama chifu anatoa miche bure.

Bembea nazo zimekaa juu ya jaa la zamani. Takataka zitaendelea kushuka na nguzo zitapinda, zihamisheni. Na mchanga wa watoto usiwe udongo wa hapo. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilipima watoto 328 karibu na jaa la Dandora, Nairobi, ikakuta nusu yao wana madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Leteni mchanga safi, sentimita 30, juu ya kitambaa. Sukuma wiki pembeni ya uwanja pia futeni, najua Mama Shiro atanuna.

Siku moja mpande matatu na Kamau hadi bustani ya Michuki Park kando ya mto, pale Globe mjini, mtazame mianzi na njia zilivyokaa ukilinganisha na maji.

Lakini lori kwanza. Limeshalipwa? Nani atakata nyasi wafadhili wakiondoka, na choo kitafunguliwa na nani asubuhi? Barua ya Mamlaka ya Maji mnayo, au mnategemea maneno ya chifu? Ule mtaro wa maji taka unaopita katikati ya ramani, mbona hamkuuchora? Na mguu wa mama, je?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Juma