Barua kwa mwanangu Zuhura: jibu la damu yangu

Mwanangu Zuhura,

Jibu limerudi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungelia, nusu ya maneno usiyasikie. Jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama, iitwayo CDH1, iliyo kwenye kromosomu ya 16, nakala yangu moja ni mbovu, na ubovu huo huleta saratani ya tumbo. Nimeirithi kwa bibi yako, uliyepewa jina lake. Tulimzika tukisema vidonda vya tumbo, kumbe ni saratani hiyo, na wapo ndugu, unawajua, waliomtaja jirani.

Jeni hii hutengeneza protini, kadherini E, inayozishikanisha seli za utando wa ndani wa tumbo, za matiti na za viungo vingine. Seli ni ukili, kadherini ni uzi unaoushona mkeka, na kalsiamu ndiyo inayoukaza. Nakala moja nzima inatosha. Seli ikiipoteza na hiyo, huchomoka ikatambaa chini ya utando, moja hapa, nyingine kule, bila kufanya uvimbe. Ndiyo maana kamera aliyoshushiwa bibi yako haikuona kitu.

Huko New Zealand kuna ukoo wa Wamaori uliozika vijana kwa saratani hii kizazi hadi kizazi, mmoja akiwa na miaka 14 tu. Wenyewe ndio waliowafuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, na mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake wakaitaja jeni hii katika jarida la Nature. Mimi nawavulia kofia wale wanaukoo kuliko hata maprofesa.

Sasa wewe. Kila mtoto wangu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi nakala mbovu, wa kike na wa kiume sawa. Kuwa nayo si kuwa na saratani, na wengine haiwapati kabisa. Lakini wenye nayo hushauriwa, wengi wakiwa kati ya miaka 20 na 30, waondolewe mfuko wote wa chakula mapema. Mtu huishi bila huo: anakula kidogo kidogo mara nyingi, na vitamini B12 anapewa maisha yake yote. Mimi nimekubali, nitapasuliwa baada ya mfungo. Mwanamke ana la ziada, saratani ya titi; hiyo hufuatiliwa kwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, kila mwaka kuanzia miaka 30. Aibu ya baba kumwandikia binti mambo haya nimeiweka kando.

Kupima ni hiari yako. Usipime kwa ajili yangu, wala usiache kwa kuogopa posa. Mchumba aambiwe na wewe, asisikie kwa watu. Kaka yako ameshajua. Shangazi yako bado, naye ndiye atakayebisha, kwa hiyo Ijumaa nakwenda Muheza mwenyewe.

Baba yako